Vidole Vinne vya Mwanga

Haya nilisimuliwa na Nyathira mwenyewe, mke wa Joram Kinyua fundi wa saa, mwaka wa sitini na nane, tulipokuwa tukimenya viazi vya arusi ya binti yake Priscillah jikoni kwake Kedowa. Alianza asubuhi, akaacha akaenda kukamua, akarudi akamalizia jioni. Saa nitakazozitaja ni zake, si zangu. Mke wa fundi wa saa hasemi "kama adhuhuri hivi". Anasema saa sita na dakika ishirini.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, tarehe nane Mei, mwaka wa 1954. Saa mbili na dakika kumi asubuhi Bwana Ashby, meneja wa shamba la chai la Kapsoiyet, alifungua kabati la ofisi yake. Kifuniko cha bati la biskuti kilikuwa pale pale alipokiacha. Kilichokuwa kimelazwa juu yake hakikuwepo. Ilikuwa ni bastola.

Miaka ile ya Imajensi, serikali ilipotangaza hali ya hatari, bastola ya mzungu ikipotea, watu weusi walianza kupapasa shingo zao. Mwafrika akikutwa nayo, au hata na risasi moja tu mfukoni, hukumu ilikuwa kamba. Na akiwa Mkikuyu, hakuna aliyesubiri kuuliza mara mbili. Sasa mtu wa mwisho kuonekana ameishika bastola ile alikuwa Joram Kinyua, Mkikuyu wa Kedowa.

Aliishika kwa kuitwa. Bwana Ashby alikuwa mwoga wa giza. Bastola yake ilikuwa ya kizamani: nundu ya kulengea iliyo mdomoni, na mfuo ulio nyuma, vyote vimefuliwa pamoja na chuma chenyewe, havifunguki kwa bisibisi ukaweka vingine. Mchana alilenga vizuri. Jua likizama alikuwa ameshika chuma tu, hajui mdomo unatazama wapi. Akasikia kwamba fundi mmoja mwenye meza kwenye baraza la duka la Mhindi pale Kedowa anajua kuzirudishia saa za mkono zile nukta zinazowaka gizani. Akamwita.

Alhamisi tarehe sita, kutoka saa nne mpaka saa sita, Joram alikaa kwenye meza ya meneja, risasi zimetolewa, meneja mwenyewe mbele yake hapepesi macho. Alikuwa na unga aliokwangua kwenye nyuso za saa kuukuu, akauchanganya na vanishi, akaweka nukta moja kwenye nundu ya mbele na mbili nyuma. Brashi yake alikuwa akiichongoa kwa midomo, kama fundi cherehani na uzi. Ubaya wa unga ule, kwamba ni sumu ya kula mifupa taratibu, tulikuja kuambiwa miaka mingi baadaye. Wakati ule ulikuwa maajabu tu.

"Bwana, hii kitu isiguswe mpaka Jumapili," Joram alimwambia. "Kwa jua ni siku moja. Kwa hii baridi yenu na ukungu, siku tatu. Ikiguswa itapakaa kama siagi."

Meneja akailaza juu ya kifuniko, akafunga kabati, akatundika ufunguo kwenye msumari nyuma ya kalenda. Jumamosi ndiyo alifungua kuchungulia kazi ilivyokauka.

Saa tatu na dakika arobaini Joram alikamatwa pale kwenye baraza, lenzi ingali jichoni, akapelekwa Kapsoiyet.

Saa tano Sajini Lazarus Ogola alibisha mlango wa Nyathira. Alikuwa mtu wa kutoka ziwani, mrefu, mpole wa sauti, amekaa kituo cha Kedowa miaka sita. Saa yake ya mkono ilikuwa imefunguliwa na Joram mara mbili.

"Mama Priscillah, nimekuja kupekua," alisema. "Nikikuta kitu usinilaumu. Nisipokuta usinishukuru."

"Pekua, Afande. Hata debe la unga, pekua."

Alipekua. Alipiga kuta kwa fimbo, akageuza godoro, akatia mkono ndani ya unga mpaka kwenye kiwiko. Alichopata ni kopo la nyuso za saa na kichupa cha vanishi. Akaketi kwenye kigoda, akapangusa unga mkononi.

"Mumeo amesema nini kwako?"

"Alitoka asubuhi kwenda kazini. Hakuna cha kuniambia."

"Jana saa tano alirudi Kapsoiyet kwa baiskeli. Kufanya nini?"

"Alisahau lenzi ya jicho. Bila lenzi hafanyi kazi."

"Hivyo ndivyo alivyosema. Na hivyo ndivyo angesema hata kama alifuata bastola." Lazarus alitazama saa yake. "Inspekta anatoka Nakuru. Saa kumi jioni atafika Kapsoiyet amchukue. Akishapanda ile gari, mimi si mwenye kesi tena. Nakuru hawatatafuta mwizi, mama. Wataona wanaye tayari."

Nyathira hakulia. Aliniambia machozi yalikuja yakakuta njia imefungwa.

"Vidole vyake umevitazama, Afande?"

"Nimemfunika kwa blanketi nikavitazama. Vinawaka. Hiyo ndiyo shida."

"Vinawaka tangu aliponioa. Sikiliza. Mimi ndiye ninayemkwangulia unga, ninaijua hiyo dawa. Joram hashiki kazi mbichi. Priscillah mwenyewe hasogei mezani kama kuna kazi mbichi. Sasa aliyeiba alikuwa anajua ni mbichi ama alikuwa hajui?"

Lazarus aliinua kichwa.

"Kama alikuwa hajui," Nyathira akaendelea, "amepakaa. Na kama amepakaa, kila alichoshika baada ya hapo kinawaka."

Sajini alitazama tena saa yake. Kisha akasimama.

"Sura ya hiyo dawa gizani unaijua kuliko mimi. Panda gari."

"Sina pasi ya kutoka Kedowa."

"Leo pasi ni mimi."

Walifika Kapsoiyet saa sita na dakika ishirini. Mchana ulikuwa mweupe. Lazarus akafunga madirisha ya mbao ya ofisi, akatundika blanketi mlangoni, wakasimama ndani wawili, na meneja wa tatu, wakihesabu mpaka mia mbili ili macho yazoee giza.

Kabati likaanza kusema. Juu ya kifuniko cha biskuti palikuwa na mistari miwili ya kijani hafifu, kutoka katikati mpaka ukingoni. Kwenye ubavu wa mlango wa kabati, upande wa ndani, dole gumba. Na kwenye msumari wa ufunguo, tone moja dogo kama jicho la paka.

"Ameirudisha ufunguo mahali pake," alisema Bwana Ashby kwa Kiswahili chake. "Mtu ya hapa hapa."

"Nani anaujua huu msumari, Bwana?"

"Mimi. Kiptanui askari. Osoro mpishi. Nganga karani. Na huyo fundi, yeye ilikuwa anaona mimi Alhamisi."

Nyathira aliinama kwenye kifuniko. "Afande, tazama mistari. Bastola ilivutwa. Aliishika mdomoni, penye nukta, akaiburuta kuja kwake. Fundi angeinua kwa mpini. Ungemwamsha usingizini bado angeinua kwa mpini."

"Hayo ni maneno ya mke," alisema Lazarus bila ubaya. "Hakimu atataka mkono. Kwetu wanasema aliyeshika kambare hata akinawa, paka anamjua. Sasa tutafute paka."

Walipotoka barazani, mbele yao ndiyo ghala la masanduku, na karibu na ghala kibanda cha mizani ambapo wachumaji hupimiwa majani. Karani wa mizani akaja mbio, kofia mkononi. Huyu ndiye Nganga. Alikuwa Mkikuyu kama wao. Ndiye aliyesimama na Joram kanisani siku ya ndoa. Mkewe, Wanjuhi, alikuwa na mtoto wa wiki tatu, na Nyathira ndiye aliyempelekea uji wa kwanza.

"Shemeji, pole," alisema. "Nimesikia. Sasa Joram aliingiaje mambo kama hayo?"

"Hakuingia mahali," alisema Nyathira. Lile neno *aliingiaje* lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mtu mwingine angeuliza *wanamsingiziaje*. Lakini siku hizo kila mtu alipima maneno yake, basi naye akalimeza.

"Karani," aliita Lazarus, "ninataka sanduku moja la chai, tupu, lenye karatasi ndani."

"Nitaleta mimi, Sajini. Usijisumbue."

Palikuwa na rundo la masanduku mapya pale pale mlangoni mwa ghala. Nganga alilipita. Alizunguka mpaka nyuma kabisa, akakawia, akarudi na sanduku kichwani, jasho likimtiririka. Nyathira aliona, wala hakufikiri chochote wakati ule. Aliona tu.

Sanduku la chai ni la mbao nyembamba, na ndani limevikwa karatasi ya bati laini ili chai isiingie unyevu. Ukilifunga, hata sindano ya mwanga haipenyi. Lazarus akatoboa matundu mawili ubavuni ya kutia mikono, na moja juu la kuchungulia. Akaazima kabuti la Kiptanui askari, zito kama mlango, ili ajifunike kichwa anapotazama.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Osoro mpishi. Alikuja na mkono wa kulia umezongwa kitambaa.

"Huo mkono una nini?"

"Mafuta ya samaki, Sajini. Yaliruka."

"Lini?"

"Jana."

"Jana saa ngapi?"

"Kwani mafuta yana saa? Jioni."

"Uliingia ofisini jana?"

"Saa kumi, na chai ya Bwana. Bwana mwenyewe alikuwa kwenye kiti. Ningeiba nikimwambia nipishe kidogo?"

"Fungua kitambaa."

Osoro alifungua huku akinung'unika kwa Kikisii. Kidonda kilikuwa cha kweli, kibichi. Mikono ikaingia sandukuni, Lazarus akajifunika kabuti. Baada ya muda akatoka akitweta joto.

"Giza. Nenda ukapike."

Wa pili alikuwa Kiptanui, mtu wa Siongiroi, mwenye kulinda mlango wa ofisi. Alisimama wima, macho kwenye kiatu chake.

"Alhamisi ulikuwa mlangoni?"

"Nilikuwa."

"Ulisikia fundi akimwambia Bwana isiguswe?"

"Nilisikia. Alisema itapakaa kama siagi."

"Jana alikuja saa tano. Uliingia naye ndani?"

"Hakuingia. Alibaki kwa baiskeli, nikamletea hiyo jicho yake ya kioo. Akasema asante, akaenda."

"Mbona Bwana anasema aliingia?"

"Bwana hakuwa. Bwana anasema vile anafikiri."

Lazarus akaandika. "Jana Bwana alitoka saa kumi na moja. Mlangoni ulikuwa wewe mpaka saa ngapi?"

Kiptanui akanyamaza. Kimya chake kilikuwa kirefu, na Nyathira, aliyekaa kwenye ngazi, akamkazia macho. Huyu. Kumbe ni huyu.

"Kiptanui. Kuna mtu atanyongwa."

"Nilitoka," akasema polepole. "Nusu saa. Ng'ombe yangu ilikuwa inazaa, na mke wangu yuko kwao. Ikizaa vibaya inakufa. Bwana akijua niliacha mlango, nimefutwa."

"Kwa hiyo nusu saa ofisi haikuwa na mtu."

"Haikuwa."

"Tia mikono."

Mikono ikaingia. Giza. Lazarus akajipangusa uso.

Wa tatu alikuwa Nganga. Aliketi kabla hajaambiwa, akaingiza mikono kama mtu anayenawa kwenye karai la ugenini.

"Bastola uliiona?"

"Alhamisi nilileta daftari la uzito, nikamwona Joram akiipaka. Nilitoka hapo hapo. Kila mtu ana kazi yake."

"Na jana?"

"Jana nilikuwa kwenye mizani mpaka jioni, Sajini. Majani ni mengi mno mwezi huu, wanawake wanafika na vikapu viwili viwili."

"Hukuingia ofisini?"

"Sikukanyaga."

Lazarus alikaa ndani ya kabuti muda mrefu kuliko mara zote. Alipotoka alitikisa kichwa. "Giza."

Ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Joram alikuwa amefungwa pingu kwenye chumba cha zana, ng'ambo ya ua. Nyathira aliona kisigino chake chini ya mlango.

"Afande, niruhusu nitazame mwenyewe," alisema. "Pengine jicho lako limechoka na jua."

"Tazama, mama. Karani, rudisha mikono."

Nyathira alipiga magoti mbele ya sanduku. Lazarus akamrushia kabuti kichwani, likamwangukia ndani nje, mgongo wa kabuti ukamgusa uso. Akafumba macho kuyazoesha giza. Alipoyafumbua, kabla hata hajachungulia tundu, aliona mkono.

Vidole vinne vya kijani, vimesambaa, mbele ya pua yake. Havikuwa sandukuni. Vilikuwa kwenye kitambaa.

Hakupiga kelele. Alikaa humo akihesabu vile vidole kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya mafuriko, kisha akajifunua taratibu.

"Afande, njoo uingie huku. Lakini usitazame sanduku."

Lazarus akaingia. Alipotoka uso wake ulikuwa mwingine.

"Kiptanui," alisema, "kabuti hili ni lako?"

"Ni langu."

"Jana nani mwingine alilivaa?"

"Hakuna."

"Basi mkono wa mwizi uko kwenye kabuti lako."

Kiptanui akarudi nyuma hatua moja. Watu wa kiwanda walikuwa wameanza kusogea. Mmoja akasema, "Ndiye yeye, ndiyo maana aliacha mlango." Ikawa kama upepo umegeuka, macho yote yaliyokuwa kwa Joram yakamhamia mtu wa Siongiroi.

Ni Nyathira aliyesimama. "Kiptanui, livae. Geuka." Akaweka kidole kwenye kitambaa, katikati ya mabega. "Vidole viko hapa, na ncha zinatazama juu kushoto. Sasa jiguse hapo mwenyewe."

Kiptanui alijaribu. Alipinda mkono huku, akaupinda kule, kama ng'ombe anayefukuza nzi mahali mkia usipofika. Watu wengine wakacheka bila kutaka.

"Hufiki," alisema Lazarus. "Kwa hiyo ulipigwa mgongoni. Na nani? Fundi?"

"Fundi alikuja saa tano, jua kali. Kabuti lilikuwa nyumbani. Mimi huvaa jioni, ukungu ukishuka." Alikunja uso akifikiri. "Jana nikirudi kutoka kwa ng'ombe, hapa hapa kwa ngazi... saa kumi na moja na nusu. Karani alikuwa anashuka. Nilimwambia nimepata ndama jike. Akanipiga mgongo, akasema hongera."

"Alikuwa anashuka kutoka wapi?"

"Hizi ngazi zina mlango mmoja tu, Sajini."

Wote wakamtazama Nganga. Bado alikuwa ameketi, mikono ndani ya sanduku, kama amesahau kuitoa.

"Nilipita tu," alisema. "Nilimtafuta Bwana. Nilisahau. Mikono yangu umeiona, Sajini, mara mbili. Ni safi."

"Ni kweli," alisema Nyathira. "Ni safi mno."

Akaitoa ile mikono mwenyewe, akaigeuza juani. Ilikuwa myeupe kwenye viganja, myekundu kwenye ncha, laini kama ya bibi arusi.

"Nilichuma chai miaka mitatu kabla ya kuolewa," alisema, na sasa hakuwa akimwambia Nganga, alikuwa akimwambia Sajini. "Utomvu wa majani mabichi unaingia kwenye nyufa za vidole, unakuwa mweusi. Hautoki. Niliolewa na mikono hiyo, mama mkwe akanicheka. Karani wa mizani hukaa mbali na mti wa chai, lakini kila kikapu anatia mkono mpaka chini, kutafuta majani makuukuu na mawe. Siku nzima. Na yeye mwenyewe amesema majani ni mengi mno. Nionyeshe karani mmoja wa Kericho mwenye vidole hivi mwezi wa Mei."

Mwanamke mmoja wa mizani akasema kwa sauti ya chini, "Juzi vilikuwa vyeusi. Alinipakaa kwenye gauni."

"Kunawa ni kosa?" aliuliza Nganga.

"Ulinawa na nini?"

"Na sabuni."

"Sabuni haitoi hiyo. Ni jivu na ndimu na mchanga, usugue mpaka ngozi ilie. Hakuna mtu wa chai anayejisumbua hivyo, kesho yake itarudi. Wewe ulisugua kwa sababu ulizima taa ukaona mikono yako imebaki inawaka. Kabuti la Kiptanui hukulikumbuka." Akapumua. "Afande, mwambie alete sanduku lingine. La hapo mlangoni, karibu. Lile rundo alilolipita."

Nganga hakuinuka.

Lazarus alienda mwenyewe na askari wawili. Sanduku la kwanza, tupu. La pili, tupu. La tatu, karatasi ya bati ilikuwa imebanduliwa pembeni ikarudishwa. Alipoivuta, mpini wa bastola ukatoka kwanza. Hakuugusa. Aliinamisha kichwa ndani, akajifunika kwa mikono, akatazama. Aliporudi alisema neno moja tu: "Inawaka."

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na tano.

"Kwa nini yeye?" Lazarus aliuliza. "Una ugomvi naye?"

"Hatuna." Nganga alikuwa akitazama vidole vyake. "Wiki ya juzi waliniita, wale wa serikali wa kuchuja watu. Wakasema Wakikuyu wote wa huku watapelekwa kambini, mmoja mmoja. Atakayebaki ni yule atakayeleta jina. Nikawapa majina ya watu waliokwisha kwenda. Wakacheka. Wakasema leta mtu, na kitu mkononi mwake. Mtoto wangu alikuwa na siku tano." Akageuza viganja. "Nilitaka kuiweka kwake Kedowa, chini ya meza yake. Lakini leo asubuhi barabara ilifungwa, nikabaki nayo. Nilifikiri ikipotea tu inatosha. Na ilitosha, sivyo? Hakuna aliyeuliza mtu mwingine."

"Ulisimama naye kanisani," alisema Nyathira.

"Ndiyo maana. Kwake ningeweza kuingia bila mtu kushangaa."

Hapo Nyathira akataka kumpiga, aliniambia, na mkono ukakataa.

Lazarus aliketi na daftari lake. Aliandika polepole. Kisha akamwita Nyathira pembeni.

"Mama, nikiandika karani amekutwa na bastola, Inspekta atamfunga kamba ile ile iliyokuwa ya mumeo. Nikiandika bastola imekutwa ndani ya ghala la shamba, haikuvuka lango, na karani amekiri kuihamisha, huo ni wizi. Ni jela, si kamba. Yote mawili ni kweli. Nakuuliza kwa sababu ni wewe uliyeipata."

Nyathira alitazama kile kisigino chini ya mlango wa zana.

"Andika ya ghala," alisema. "Lakini usiniambie nimsamehe."

"Hilo halina nafasi kwenye daftari."

Inspekta alifika saa kumi na dakika tano. Alisoma, akauliza mara mbili kama ni hakika, akaonyeshwa kabuti gizani, akalichukua liwe ushahidi. Kiptanui akabaki anatetemeka kwa baridi na kwa furaha, maana Bwana Ashby, kwa fadhaa, alisahau kumfuta. Nganga akapanda ile gari ya Nakuru. Pingu zilitoka mkono mmoja zikaingia mwingine.

Saa kumi na mbili kasoro robo, Lazarus aliwarudisha Joram na Nyathira Kedowa. Kwenye lango la shamba walimkuta Wanjuhi amekaa kando ya barabara, mtoto mgongoni, sufuria na godoro chini. Nyumba ya karani ilikuwa imetakiwa irudishwe jioni ile ile.

Gari likampita kidogo. Joram alitazama mikono yake. Lazarus alitazama barabara.

"Simamisha," alisema Nyathira.

Alishuka, akachukua godoro. Wanjuhi akaanza kusema jambo, kwamba hakujua, kwamba aliona tu mumewe amesugua mikono mpaka damu.

"Sikukuita wewe," Nyathira alimwambia. "Nimemwita mtoto. Wewe unamleta."

Usiku ule kulikuwa na watu watano ndani ya chumba kimoja na sebule. Priscillah alilala wa kwanza, akiwa bado anauliza maswali. Mtoto mchanga akanyonya akalala. Wanjuhi alilia jikoni, kimya, mpaka pumzi zake zikawa ndefu. Joram alikula viazi viwili, akajinyoosha, akalala chali kama gogo.

Nyathira akazima taa. Gizani, vidole vya mumewe vilikuwa pale juu ya blanketi, vinawaka kama kila siku, na kwenye mdomo wa chini palikuwa na nukta moja ndogo, alipochongolea brashi. Asubuhi ile vidole hivyo ndivyo vilivyotaka kumuua. Alivitazama mpaka akachoka kuviogopa. Akavuta blanketi akavifunika, kisha akafunika na mdomo, akasikiliza saa za watu zikigonga kwenye rafu, kila moja na mwendo wake, akaanza kuzihesabu, na kabla hajafika ya saba usingizi ukamchukua.